Muhuri Hautoshi Kuwa Kibali

Orpa alikuwa amechoshwa na muhuri wa mume wake. Adolphe alitengeneza tovuti, yaani kurasa za biashara za watu kwenye intaneti, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kila karatasi iliyopita mbele yake aliigonga muhuri, hata karatasi ya kufungia chumvi. Kule kwao Kivu Kusini, Kongo, alisema, karatasi yenye kashe, yaani muhuri, hakuna wa kuibishia. Orpa alimwuliza kama Uganda nayo iko Kivu.

Mwaka 2013 ikaja kazi kubwa. Mzee Rugamba wa Ruti, Mbarara, alitaka tovuti ya nyumba yake ya wageni. Wakaenda wote wawili, maana picha zote za tovuti alizipiga Orpa. Adolphe akatoa mkataba uliojaa mihuri. Mzee akaugeuzageuza, akaurudisha.

"Muhuri hata hapo barabarani wanachonga," alisema. "Biashara yako imeandikishwa wapi? Leta cheti kabla ya mwezi kuisha. Bila cheti, natafuta mtu mwingine."

Wakati wa kurudi kambini, Adolphe alilalamika njia nzima hadi kituo cha Kabingo kwamba wakimbizi hawaruhusiwi kuandikisha biashara. Nani kamwambia? Watu. Watu gani? Watu tu. Jamani! Orpa akamkokota hadi kwa jirani yao Semahoro, aliyefanya kazi na mawakili wanaosaidia wakimbizi.

Semahoro alishusha pumzi. Jambo hili alikwisha kulieleza kanisani mpaka sauti ikamkauka. Sheria ya Uganda inamruhusu mkimbizi kufanya biashara, alisema, mradi afuate masharti. Jina la biashara liandikishwe kwenye ofisi ya usajili, naye aende na kitambulisho chake cha ukimbizi. Apate namba ya mlipa kodi. Achukue leseni kwa halmashauri ya mahali anapofanyia kazi. Mkataba nao useme kazi ni ipi, inaisha lini, na tovuti inakuwa ya nani.

"Na anwani ya tovuti ya Mzee umeiandikisha kwa jina la nani?" akauliza.

"Kwa jina yangu. Si ni miye nafanya kazi?"

"Ndugu yangu, wewe ni fundi aliyejenga nyumba ya mtu, akabaki na hati ya kiwanja. Badilisha." Akamgeukia Orpa. "Na wewe, mpiga picha, jina lako liko wapi kwenye biashara hii?"

Adolphe hakuwahi kulifikiria hilo.

Walipofika ofisi ya usajili Mbarara, jina la biashara walilochagua lilikuwa na mwenyewe tayari. Ikabidi waende tena na jingine. Orpa nusura alie kwa hasira, nauli ikawaishia, lakini cheti kikatoka kabla ya mwezi kuisha. Leseni na namba ya kodi nazo zikapatikana, na anwani ya tovuti ikahamishiwa jina la Mzee.

Mzee Rugamba alisoma cheti polepole, akatia sahihi kwenye mkataba. Kisha akaweka kidole kwenye jina la pili la cheti, akauliza, "Huyu Orpa ni nani?"

"Ni bibi yangu," Adolphe alisema.

"Ni mwenye biashara," Orpa alisema, akachukua kalamu.