Sikio la Ng'ombe Lililovunja Ndoa ya Dada Yangu

Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne, na tunaishi Kiseke hapa Mwanza. Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali, hata lile ninalolijua, sauti inakwama kooni... Mambo yangu huwa nayaandika kwenye shajara, basi. Lakini hili nimeshindwa kuliacha humo. Limenilemea!

Baba yangu katokea mpakani, kule karibu na Kenya, ambako koo mbili ziliibiana ng'ombe na kuuana tangu enzi za babu wa babu yangu. Koo zenyewe sitazitaja, maana watu wake wapo na wengi wamechoka na hayo mambo. Niseme tu sisi ni wa mlimani, wao ni wa ng'ambo ya mto.

Mimi nilizaliwa mjini. Ng'ombe nilikuwa nawaona wakikatiza barabara tu. Miaka miwili iliyopita babu aliletwa kwetu kutibiwa macho, na hapo ndipo niliposhikwa na ugonjwa... ugonjwa wa historia!

Nikirudi shule, sare sijavua, nakaa kwenye kigoda mbele yake. Nani alivamia boma la nani. Nani alijificha pangoni na ndama, amemziba mdomo kwa mkono asilie. Nilikuwa namhoji mpaka mama ananiita mara tatu kwenda kuosha vyombo. Kwa babu sikuwa na aibu hata kidogo. Alikuwa ananiita "mama," kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Ghati.

Alinifundisha kusoma masikio. Kule kila familia hukata sikio la ng'ombe wake kwa namna yake, ili akiibwa ajulikane. Alama ya babu ni mkato kwenye ncha ya sikio la kulia, kama mkia wa samaki. Niliyashika masikio ya familia nyingi kuliko fomula za kemia. Babu alicheka, akasema ningezaliwa mvulana wezi wote wangehama wilaya.

Sasa... dada yangu Rhobi. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Alimpata mchumba, Mwita, fundi simu pale Mirongo. Kumbe Mwita kwao ni ng'ambo ya mto!

Baba hakuwa na neno. Alisema watoto wamekutana mjini, waacheni waoane. Babu alinuna, lakini Mwita alipomtengenezea redio yake iliyokufa siku nyingi, akalainika.

Mimi Mwita aliniita "shemeji bubu." Siku moja akanichokoza, "Kwetu tunaambiwa wezi ni ninyi. Hebu niambie, shemeji, nani alianza?" Nikamjibu. Nikaongea mpaka chai yake ikapoa! Dada alikuwa mlangoni anatutazama, anatabasamu. Ile sura yake siisahau.

Mahari ikapangwa, ng'ombe. Mzee wa Mwita, yaani baba yake, akawatenga kwenye zizi lake, akawarekodi video na kuituma. Ilikuwa Jumamosi mchana. Dada alikuwa anawahi saluni, akaniachia simu yake huku anacheka, "Msomee babu ng'ombe zangu, Ghati. Mwambie nimeuzwa vizuri."

Nikakaa na babu, nikaanza kumsomea mmoja mmoja, maana macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Huyu sikio la kushoto limechanwa, ni wa kwao. Huyu vilevile. Huyu...

Nikasimamisha video. Nikaivuta picha ikawa kubwa, nikamwambia babu kwa sauti. Mkia wa samaki! Sikio la kulia!

Niandike ukweli? Nilifurahi. Nilijiona mtaalamu. Sikumfikiria dada, sikumfikiria Mwita. Niliona tu kwamba zile hadithi zote zipo kweli, na mimi nimeigusa moja kwa kidole kwenye kioo cha simu!

Babu akaniuliza rangi. Nikamwambia mwekundu, ana baka jeupe tumboni. Babu akaomba simu yake.

Lazima muelewe. Mwaka uliotangulia, Baba mdogo Wambura, anayekaa na ng'ombe wa babu kijijini, alipiga simu analia. Alisema watu wa ng'ambo ya mto wamevamia na kubeba karibu nusu ya zizi. Hakuna aliyeuliza. Nani mwingine angekuwa?

Babu aliongea na kijiji kwa kilugha, harakaharaka. Dada aliporudi, nywele zimesukwa nusu kwa sababu mama alimpigia simu, alimpigia magoti babu. Aliomba mzee wa Mwita aulizwe kwanza, aulizwe tu. Babu alisema mwizi haulizwi. Baba akanigeukia mimi, akataka kujua kama nina hakika.

Nikaitikia kwa kichwa. Na nilikuwa na hakika! Sikio lilikuwa lile lile!

Vijana wa mlimani wakavuka mto. Walichukua ng'ombe wote wa mahari. Mzee wa Mwita alisimama kwenye mlango wa zizi lake kuwazuia, wakamkata panga mkono wa kulia.

Baba alisafiri kwenda kumwona hospitalini. Aliporudi alikaa barazani, hakuvua hata viatu, akatueleza. Mzee hakumtukana. Alimwambia hivi tu, "Yule ng'ombe nilimnunua mnadani, kwa mdogo wako Wambura. Niliona alama ya mzee wenu, nikasema huyu acha arudi kwao pamoja na mahari, mzee wa watu afurahi."

Wasomaji wenzangu... ilikuwa zawadi!

Baba mdogo alipobanwa alikiri. Alikuwa anawauza mmoja mmoja, na aliwasingizia watu wa ng'ambo kwa sababu alijua sisi wote tutaamini. Hadithi nilizozipenda ndizo alizojifichia!

Baba akawarudisha ng'ombe, akaomba radhi. Mwita alisema hana hasira na dada. Lakini baba yake hawezi tena kushika kikombe kwa mkono ule. Angempeleka vipi pale mke aliyetoka nyumba yetu? Kibanda cha Mwita pale Mirongo sasa kina mtu mwingine.

Babu aliniita jioni moja. "Mama," akasema, "niambie ulikosea sikio."

Sikuwa nimekosea. Nilibaki kimya, ule ukimya wangu wa darasani. Hakunisimulia tena chochote. Mvua za masika zilipoanza, tulimzika.

Dada aliomba uhamisho, akaenda Sengerema. Likizo nilivuka kwa kivuko kumfuata. Shikamoo yangu aliiitikia, chai akanipa, akanisuka nywele vizuri kabisa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha tangu nyumbani, yakakwama. Akasema yeye, mikono bado iko kichwani kwangu.

"Ulijua masikio ya ng'ombe wote wa mpakani, Ghati. Mimi nilikuwa nalala kitanda cha juu yako kila siku. Mbona hukuniita nitazame na mimi kwanza?"

Akaendelea kusuka.

Wewe unayesoma hapa, labda na wewe una babu anayejua ya zamani. Msikilize, usiache. Lakini ukishajua nani alimwibia nani miaka hiyo, usidhani umemjua jirani yako wa leo. Nenda kamuulize. Hata kama una aibu kama mimi, nakuomba, fungua mdomo umuulize! Mimi siku ile nilifungua mdomo, tena kwa jambo ambalo nilipaswa kulinyamazia mpaka dada arudi kutoka saluni.

Kitanda cha juu mama bado anakitandika kila Jumapili. Hakuna anayelala.