Kicheko Kilichowekwa Dirishani

"Hivi huko kwao kunaungua kweli, au wamechoka tu kulima?"

Muuza mkaa ndiye aliyemuuliza hivyo jirani yake mwenye studio, Fundi Picha, siku moja, mkono kiunoni, akiutazama mstari wa watu uliozunguka ofisi ya waomba hifadhi ng'ambo ya barabara. Mwaka wa nne sasa Fundi alikuwa akiwapiga picha watu wa mstari ule, zile ndogo za kubandika kwenye fomu, na hakuwahi kumuuliza hata mmoja kilichomtoa kwao. Alichowajulia ni masikio, maana ofisi ilitaka masikio yaonekane.

"Mimi napiga sura, jirani. Ya moyoni anayajua Mungu."

"Haya. Siku wakiujaza mtaa utanikumbuka."

Mchana wa siku ile studio ilifurika. Watoto walilia, akina mama waligombea kitana kimoja, na katikati ya vurugu hiyo akaingia mwanamume mrefu. Shati lake jeupe lilikuwa limechakaa kola, lakini limenyooshwa kwa pasi hata mkunjo wa mkono ungeweza kukata mkate. Vidole vyake vilijaa makovu madogo ya msumeno. Alipoketi, stuli ikalia nyiii.

"Dada, stuli yako inaumwa. Mimi ni seremala, najua mgonjwa nikimsikia."

"Kaa hivyo hivyo. Kidevu juu. Usicheke."

"Sijacheka."

"Macho yanacheka. Ofisi haitaki macho yanayocheka."

"Basi ofisi imwambie mpiga picha asivae gauni la manjano. Mtu ametoka kuungua na jua mstarini, anaingia ndani anakutana na alizeti!"

Studio nzima ikaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka, na kidole cha Fundi kikateleza kikabonyeza. Meno yote nje. Ya pili vilevile. Ya tatu alinuna kama aliyelambishwa shubiri, na hiyo ndiyo iliyokwenda ofisini. Ile ya kwanza, Fundi hakuifuta.

Kesho yake Seremala alirudi na nyundo na gundi. "Nimekuja kumwangalia mgonjwa wangu," alisema. Stuli ikapona. Akahamia kwenye mlango, kisha rafu, kisha meza. Mwezi wa tatu ulipofika, hapakuwa na kitu kinacholia mle ndani, na Seremala bado alikuwa anakuja.

Siku asizokuja, alipiga simu.

"Halo, Alizeti."

"Nina wateja, wewe!"

"Na mimi nina mbao begani. Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Sauti haina nyama, Seremala. Pitia nyumbani, mama amekuwekea chakula."

Mama alimpenda kwa sababu alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na akiongea na mkubwa aliinamisha sauti. Kaka yake Fundi ndiye aliyekuwa mwiba. Tangu aachishwe kazi ghalani, kila ubaya aliouona ulikuwa na uso wa mgeni. Kodi ikipanda, wageni. Maji yakikatika, wageni. Alikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, na maneno kama hayo yalipigiwa makofi mikutanoni.

Sasa, kila studio huweka dirishani kazi yake bora: maharusi, mtoto kibogoyo, mhitimu na joho lake. Fundi hakuwa mwepesi wa kusema maneno ya mapenzi. Mdomo wake ulikuwa kamera. Akakikuza kile kicheko cha siku ya kwanza, kikawa kikubwa kama sinia, akakitia fremu na kukining'iniza dirishani mbele kabisa. Akavaa lile gauni la manjano, akangoja.

Seremala alikuja na mfuko wa machungwa. Alipofika kwenye kioo, akasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Nani amekuambia uiweke pale?"

"Moyo wangu."

"Itoe."

"Haikupendezi?"

"Itoe, nakuomba. Sasa hivi."

Fundi alihisi uso ukimchoma. "Kumbe unaona haya kuonekana kwangu? Au kuna mke hutaki aione?"

Seremala akatazama barabara upande huu na upande ule, akaweka machungwa kizingitini, akaondoka upesi. Fundi naye, kwa hasira, akaiacha picha palepale. Ikae, aone aibu vizuri.

Siku kumi na saba simu iliita bila kupokewa. Muuza mkaa akasema, "Si nilikuambia? Wale ni ndege, hutua wakaruka." Fundi alisali, akafanya kazi, na usoni hakuonyesha kitu. Lakini kila mlango ulipofunguliwa, shingo iligeuka yenyewe.

Siku ya kumi na nane alikuja bibi mmoja wa mstarini na mjukuu wake. Alipita mbele ya dirisha amejifunika kitambaa hadi machoni, na hata ndani alisita kukishusha.

"Bibi, mbona unajificha? Hapa hakuna mbaya."

"Mwanangu, yule wa dirishani ni mtu wa kwetu?"

"Ndiyo."

"Basi humpendi." Bibi alilisema bila hasira. "Kwetu walianza na picha. Walizibandika kwenye ukuta wa soko. Aliyebandikwa Jumatatu, Ijumaa nyumba yake ilikuwa tupu. Na waliozibandika wana ndugu hata huku. Wanapita barabara hiihii."

Fundi aligeuka kulitazama dirisha. Siku kumi na saba! Alikuwa amemtundika mtu wake barabarani kama nguo ya kuuzwa. Aliivua picha kabla hata hajampiga yule mjukuu picha yake, akaichana vipande, kisha akaandika ujumbe kwenye simu: *Nimeitoa. Nimejua. Nisamehe.*

Simu ikaita palepale.

"Alizeti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ukijua, utaogopa kutembea na mimi. Nimehama chumba mara mbili tangu siku ile."

"Na mimi nikadhani una mke!"

"Mke nimtoe wapi, na wewe tangu tuonane unanikataza hata kucheka?"

Fundi akacheka huku machozi yakimlowesha kidevu. "Njoo nyumbani Jumamosi."

"Nije kama nani?"

"Hilo utamjibu mama."

Jumamosi mchana alifika, shati lilelile, mkunjo uleule. Kaka alikuwa mezani na karatasi ndefu: orodha ya vyumba vyote vya mtaa vinavyokaliwa na wageni, pamoja na majina yao, ili ofisi ya mtaa iwaamuru wenye nyumba wawatoe kabla ya mwisho wa mwezi. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuipeleka Jumatatu.

"Mama," Seremala alisema, amekaa ukingoni mwa kiti, "nimekuja kumwomba binti yako."

"Unamwomba yeye au unaomba uraia?" kaka akadakia.

"Shemeji—"

"Sijawa shemeji yako."

"Basi, kaka. Jibu langu la hifadhi halijatoka. Likiwa zuri, nitamwoa. Likiwa baya watanirudisha mpakani, na sitaki kumfunga mtoto wa watu kwenye mzigo wangu. Nimekuja mapema ili mnijue tu."

"Umesikia?" kaka alimgeukia dada yake. "Hata mwenyewe anajua ni wa kuondoka."

"Nimesikia," Fundi alisema. "Ila hajaniuliza mimi. Seremala, mimi singoji ofisi. Tutafunga ndoa mwezi huu, na mzigo tutabeba wawili. Chumba chako ni kipi kwenye hiyo karatasi?"

Seremala akaonyesha kwa kidole. Fundi akavuta kalamu kutoka mkononi mwa kaka yake na, taratibu, akaandika jina lake mwenyewe chini ya la Seremala.

"Hapo ndipo nitakapokaa. Ukipeleka, peleka na mimi."

"Umerogwa wewe!"

"Nipe na mimi hiyo kalamu," mama alisema kutoka kwenye kiti chake, akitafuta miwani. "Nitakuwa nalala huko siku mbili tatu, wajukuu wakija. Nisije nikatolewa bila kuandikwa."

Seremala aliinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Haikujulikana kama analia au anacheka. Kaka alimtazama mama yake akiandika, herufi moja moja, za mtu aliyeishia darasa la nne. Alimtazama dada yake. Kisha akasimama, akachukua kofia yake, akaiacha karatasi palepale mezani, akatoka.