Gauni Lililoziba Shimo

Jua lilikuwa linazama nyuma ya machimbo ya Kakontwe, na Fidèle alikuwa anazunguka mtaani akitafuta pumba za mahindi. Si za kuku. Alikuwa anatafuta za kulisha shimo.

Tangu asubuhi shimo hilo lilikuwa limemchosha roho. Yeye ndiye aliyeshika mitambo ya mashine ya kuchimba visima, na kisima chenyewe kilikuwa cha maji tu, cha mtaa uliochoka kubeba maji kwa bidoni kutoka mbali. Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Trépan, kile kichwa cha chuma chenye meno, kilikuwa kinatafuna mwamba, na tope lilishuka ndani ya mabomba na kupanda tena pembeni likibeba unga wa mawe, kama inavyotakiwa. Kisha mabomba yakaporomoka ghafla. Yakaanguka kiasi cha mkono mmoja, yakatua juu ya kitu.

Kitu laini.

Fidèle alikisikia kiganjani, kupitia chuma chote kile. Hapo hapo tope likaacha kupanda. Waliongeza pipa baada ya pipa, na shimo likameza yote.

Wachimbaji wana jina la kila balaa. Tope lisiporudi wanaita perte totale, na dawa yake ni moja: kuziba. Unatupa shimoni pumba, majani makavu, matambara, chochote kitakachokwama kwenye ufa. Usipoziba, mabomba yanakwama chini, mashine inabaki hapo, na wewe unakwenda kukaa nyumbani. Patron, mwenye mashine, alikuwa amepiga simu mpaka masikio ya Fidèle yakapata moto.

"Boue irudie leo," alisema mara ya mwisho, akimaanisha lile tope, "ao uache mafunguo."

Na pumba hazikuwepo. Umeme ulikatika, vinu vimelala. Mitambo ya umeme ya Koni iko pua na mdomo na mji huu, lakini watu wanatwanga kwa mikono kama bibi zao! Fidèle aliwatukana kimoyomoyo wote waliohusika na wasiohusika, kisha akashika njia ya kwake.

Nyumbani alikusanya magunia, foronya ya godoro iliyochanika, na kitenge kilichopauka. Kwenye sanduku akaona gauni dogo la manjano la binti yake, Bénie. Akalichukua pia.

"Ile uache," alisema Laure, mkewe. "Njo ile Bénie alivalaka siku alianza kutembea."

"Imekuwa kidogo, Mama Bénie. Itafanya nini mu sanduku?"

Kabla ya Bénie walikuwa wamezika watoto wawili ambao hawakufika kutembea. Bénie ndiye roho ya nyumba ile, na Fidèle alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Lakini hasira ikishapanda kichwani, akili hukaa chini. Akaondoka na gauni.

Kazini alimkuta Abedi, fundi wa tope, kijana wa Kiislamu ambaye wazazi wake walikuja na biashara kutoka Kasongo. Abedi alipokea magunia, akapokea kitenge. Alipoona gauni, akarudisha mkono.

"Yaya Fidèle," alisema, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, "bilamba ya mutoto hatutupake mu shimo."

"Juu ya nini?"

"Utakuwa umebapatia adresse ya kwako."

"Nani?"

Abedi aliangalia mdomo wa shimo. "Bale benye beko mule," alisema polepole.

Fidèle alicheka kwa kuudhika, akatupa gauni kwa mkono wake mwenyewe. Lilishuka likizunguka, manjano, manjano... kisha giza. Wakawasha pampu.

Kimya.

Halafu, chini kabisa, kitu kikagugumia. Tope likaanza kupanda.

Abedi alipiga makofi mara moja akaacha. Harufu ilikuwa imewafikia wote wawili. Haikuwa harufu ya mwamba. Ilikuwa harufu ya makaa, ya moshi, ya bukari, ugali wa huku, iliyoachwa kidogo ikaungua chini ya sufuria. Harufu ya jiko la mtu.

Abedi alikwenda kwenye pampu akiomba kwa sauti ndogo. Fidèle aliinama juu ya chujio, pale wanapochota unga wa mawe kujua wamefika wapi. Hakukuwa na mawe. Kulikuwa na majivu. Aliyashika, yalikuwa na joto. Kulikuwa na kigae cha chungu chenye masizi upande mmoja.

Na kulikuwa na msuko wa nywele.

Mfupi, mwembamba, umefungwa na uzi mwekundu mwishoni, kama mama anavyomfunga mtoto asubuhi ya shule. Fidèle aliutia mfukoni kabla Abedi hajageuka. Alijiambia ni kaburi la zamani. Lakini kaburi halipiki. Alitafuta jina la jambo hilo katika majina yote aliyofundishwa kazini, na hakulipata.

Vijana wa zamu ya pili walipofika kupokea mashine, tope lilikuwa bado linapanda vizuri. Fidèle aliwaachia mashine, akaenda nyumbani na msuko mfukoni.

Alimkuta Laure amesimama mlangoni na taa.

"Kuko mama mumoja alifika," alisema Laure. "Sikumujua. Alikuwa na boue mpaka mu macho. Aliniletea hii."

Alimpa gauni la manjano. Lilikuwa limefuliwa, limekunjwa vizuri, bado lina maji. Lilinuka moshi.

Fidèle alikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Gauni lile alilitupa mwenyewe shimoni, na kizibo kilikuwa bado kimeshika.

"Alisema nini?"

"Alisema, mwambie baba ya mutoto, kwetu kunavuja." Laure alishusha sauti. "Akasema, mutoto yangu alikuwa analala palepale."

Mkono wa Fidèle ulikwenda mfukoni wenyewe.

"Alikuwa na hasira?"

"Apana. Alikuwa analia. Akasema tena, mwenye kutoboa nyumba ya mwenzake, naye iko na batu banakaa yulu yake." Laure alinyoosha kidole juu. "Akasema, mutoe mutoto yenu pale analalaka. Papa Bénie, ulifanya nini?"

Alimweleza yote. Laure hakupiga kelele wala hakumlaumu. Alimbeba Bénie na blanketi lake, akampeleka kulala naye jikoni, kwenye kibanda cha nje. Hilo ndilo lililomuumiza Fidèle zaidi, kwamba hata kumlaumu hakumlaumu.

Alfajiri alikimbia kurudi kisimani. Alitaka jambo moja tu, kufungua kizibo kile na kuurudisha msuko kwa mwenyewe. Alikuta watu wanaimba. Zamu ya pili ilikuwa imefika kwenye maji usiku, ikateremsha tubage, yale mabomba ya plastiki yanayoshikilia kisima, na kumwaga sementi pembeni. Bomba lilikuwa limepita katikati ya nyumba ile ya watu wa chini bila kuacha mlango. Akina mama walipanga bidoni, na mmoja alimshika Fidèle mikono akamwombea baraka.

"Mufungue," Fidèle alimwambia patron.

"Kufungua nini? Kisima iko inatoa mayi."

"Kuko batu chini."

Patron alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi ya jana. "Fidèle, enda ulale. Kazi ulifanya muzuri."

Fidèle alichukua mtaimbo, akaanza kuichoma sementi. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Alichoma mpaka mikono ikatoa malengelenge na sementi haikutoa hata punje. Abedi ndiye aliyekuja kumshika mkono.

"Imekauka, yaya. Twende."

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama vizuri, Fidèle alikuwa peke yake ndani akikunja shuka za Bénie. Ndipo aliposikia mlio.

Ngrrr...

Ulitoka juu. Alichungulia dirishani. Mbingu ilikuwa safi, haina wingu, haina ndege.

Ngrrr...

Aliujua mlio ule. Ameulalia na kuamka nao miaka yote ya kazi yake. Ulikaribia. Vumbi likaanza kudondoka darini. Fidèle alirudi nyuma mpaka mlangoni.

Bati likatoboka. Tundu la mviringo, safi, katika bati alilolipigilia mwenyewe. Kichwa cha chuma chenye meno kikapenya, kikaporomoka kiasi cha mkono mmoja, kikatua katikati ya kitanda kitupu cha Bénie. Kikazama kwenye godoro.

Laini.

Fidèle alijua kabisa kiganja cha huko juu kimesikia nini.

Chuma kikajivuta. Tope likamwagika juu ya mto, zito, la kijivu, halina mwisho. Kisha likakatika, na katika kimya kile sauti ya mwanamume ikashuka kupitia tundu lile. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, mtu aliyesumbuliwa na patron wake tangu asubuhi.

"Perte totale," ilisema. "Mulete bilamba."

Matambara yakajaa kwenye tundu, yakaziba. Moja likapenya, likaanguka taratibu juu ya tope.

Lilikuwa gauni la mtoto. Jekundu, dogo, la mtoto wasiyemjua.

Bénie hajambo. Analala jikoni na mama yake mpaka leo. Laure alilifua lile gauni jekundu siku iliyofuata, akalipiga pasi ya makaa, akalikunja kwa adabu kama yule mama alivyofanya. Kisha akatoka nalo uani, akasimama karibu na mumewe.

"Papa Bénie," aliuliza, "tutapitia wapi kuirudisha?"

Fidèle aliangalia juu, halafu akaangalia chini. Mfukoni, ule msuko wa nywele ulikuwa bado una joto.