Mwendo wa Verdiana

Kasiani aliteremka kwenye lori pale Mikumi jua likielekea kuzama, kwapani kambana jogoo mwekundu. Alikuja kumwona Bwana Mathias wa gari la sinema. Jogoo alikuwa wa kulainishia maneno, maana ombi lenyewe lilikuwa zito: ile sinema ya homa isionyeshwe jioni ile.

Ikionyeshwa tena, mkewe atakwisha. Hilo Kasiani alikuwa na hakika nalo, ingawa hakujua angelielezaje kwa mtu mzima mwenye akili zake akaeleweka.

Tumjue kwanza Kasiani mwenyewe. Baba yake alitoka Unyamwezi akaja Kilosa kukata mkonge, akafia huko huko, akamwachia mwanawe kazi mbili: panga la mkonge na utani. Kambini walikufa watu wengi, na kila msiba ulihitaji mtani. Mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akamkemea mjane kwa sauti ile ile aliyokemewa nayo miaka yote, mpaka wanaolia wacheke, kisha walie upya. Kasiani aliiweza kazi hiyo kuliko baba yake. Alipomwiga mzee Melkizedek, mbwa wa marehemu alitoka mvunguni akaja kumlamba miguu.

Baba alimwachia na onyo moja. "Aliye hai usimwige. Maiti hana kazi tena na mwendo wake. Aliye hai bado anautumia."

Mwaka wa hamsini na tatu watu wa sinema walifika shambani kupiga picha za kuwafundisha wananchi usafi na afya. Mzungu wao alimwona Kasiani msibani, akamtaka hapo hapo. Basi Kasiani akawa mtu wa sinema. Nafasi kubwa hakupewa hata siku moja. Hizo alipewa karani mmoja mwenye sura nzuri na miguu mizito kama magogo. Kasiani alikuwa mlevi wa dakika mbili, mwizi wa kuku, mzee mbishi asiyetaka kuchimba choo. Lakini watu walipotoka kwenye sinema, karani walishamsahau. Walikuwa wakimcheka mlevi na kumwiga mzee njia nzima. Hawakujua kwamba ulevi ule ulikuwa wa marehemu Vitalis mnyapara, na ubishi ule wa mzee Melkizedek. Kasiani alikuwa na wafu wa kutosha. Alichovya alipotaka.

Mpaka ilipokuja sinema ya homa.

Hiyo ilitaka mwanamke. Mama wa nyumbani anatoka mtoni na debe la maji, homa inampanda, anaanguka uani. Mumewe anakataa kumpeleka hospitali, mama anakufa, anazikwa. Wanawake wa kambini wote walikataa. Nani akubali kufa mbele ya watu, na mume ameketi pale anatazama? Mzungu akamgeukia Kasiani akamwambia, wewe unaweza kuwa mtu yeyote.

Sifa hiyo ilimlevya. Wanawake waliokufa hakuwahi kuwaiga, hiyo ilikuwa kazi ya watani wa kike. Mwanamke aliyemjua hatua kwa hatua alikuwa mmoja tu, naye alikuwa shambani akipalilia mahindi. Kasiani alikwenda nyumbani, akaanua kanga ya Verdiana kwenye kamba, akajifunga.

Alitembea mara tatu. Mara ya tatu Mzungu akataka aongeze, kwa hiyo akaongeza: nyonga ya kushoto akairusha kidogo, na jasho akalifuta kwa mgongo wa mkono. Verdiana hakuwa na tabia hizo. Zilikuwa madoido tu ya mwigizaji. Kisha akaanguka vizuri, wakampigia makofi.

Sinema ilipoonyeshwa Kilosa, kesho yake Verdiana alijikwaa kizingitini kwake mwenyewe.

Ilipoonyeshwa Kidete, alisimama mlangoni asubuhi nzima akiitazama miguu yake, hajui aanze na upi.

Ilipoonyeshwa Masanze, sauti ikakatika. Akabaki kulala, macho wazi, anapumua. Daktari alipima, homa hakuiona. Mganga hakugusa hata kibuyu, alimrudishia Kasiani jogoo wake, akanong'ona, "Mpelekee huyo aliye na mkeo." Ndiye jogoo huyu wa leo.

Mathias alikuwa nyuma ya gari akivuta waya. Kitambaa cheupe kilikwishatundikwa kati ya nguzo mbili, na watu walikwishaketi chini: wapita njia, wakulima. Wamasai wachache walisimama pembeni na fimbo zao.

"Bwana Mathias, habari za safari?"

"Njema, msanii wetu. Umekuja kujitazama?"

Kasiani alimweleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, jogoo akipiga mbawa. Alitegemea kuchekwa. Mathias hakucheka. Aliacha waya, akatazama huku na huku.

"Nilidhani ni macho yangu," alisema polepole.

"Umeona nini?"

"Kila nikiionyesha, yule mama anatembea vizuri zaidi."

"Basi usiionyeshe. Nakuomba, kaka."

"Bwana shauri wa serikali yupo pale kwenye kiti. Barua imesema homa, ni lazima iwe homa. Nina watoto wanne, Kasiani." Akamwondolea yule jogoo mikononi taratibu, akamfunga kwenye gurudumu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. "Kaa karibu na mashine. Labda tumeona vibaya wote wawili."

Giza lilipoingia tu, jenereta ilinguruma. Mashine ikaanza... trrrrrr... na mwanga ukapiga kitambaa.

Mathias alishika kipaza sauti. "Huyu ni mama mwenye afya njema. Anatoka mtoni kuteka maji..."

Kasiani aliujua mto ule. Aliujua mti ule, jiwe lile. Alijisubiri atokee.

Akatokea mwanamke.

Nyonga haikurushwa. Jasho halikufutwa. Alikuja polepole, vidole vya miguu vimeelekea ndani kidogo, vidole viwili tu vya mkono vikigusa ukingo wa debe. Kwenye mkono ule palikuwa na kovu la uji wa moto. Kasiani hakuwa na kovu.

Kovu lile alilipata Verdiana mwaka waliooana.

Hewa ikanuka tope la mtoni, bichi, pale pale katikati ya vumbi la Mikumi. Watoto waliokaa mbele walisogea nyuma bila kuambiwa.

"Anafika nyumbani," Mathias alisema. "Anasikia... anasikia baridi..."

Mwanamke alifika uani. Hapo, Kasiani alikumbuka, alitakiwa kushika kichwa na kuanguka. Hakushika kichwa. Alisimama. Akageuza uso kwa watu, akaanza kuwatazama mmoja mmoja, safu kwa safu, kama anayemtafuta mtu stesheni.

Akafika penye mashine.

Akaacha kutafuta.

Midomo ilicheza. Sinema zile hazikuwa na sauti, lakini mtu aliyeitwa vile kila siku kwa miaka kumi na moja hahitaji kusikia. *Baba Sesilia.*

Kisha akaanguka. Hakuanguka kwa ufundi. Alianguka kama mtu aliyesukumwa.

"Zima," Kasiani alinong'ona. "Zima, ndugu yangu."

Mathias alikuwa ameushika mkono wa mashine kwa nguvu zake zote. Haukukubali.

Mazishi yalifuata. Siku ya kupiga picha walizika shina la mgomba lililozungushiwa sanda. Kasiani mwenyewe alisaidia kulifunga, wakitaniana. Sasa wanaume wanne walilibeba mpaka kaburini, wakaliteremsha, wakatupa udongo.

Sanda ikatikisika.

Mara moja... tena... mahali penye goti. Udongo ukaendelea kumwagwa. Watu wote wakapiga makofi, maana sinema ilikuwa imekwisha.

Kasiani alirudi na lori la kwanza asubuhi, hana jogoo wala tumaini. Alijua atakachokuta: vilio, mikeka imetandikwa nje. Alishukia njia panda akaanza kukimbia kati ya mikonge, harufu ya korona, mashine ya kusaga mkonge, ikimfuata, akilia kwa sauti bila haya.

Kambini palikuwa na vigelegele.

Mama mkwe wake, Costancia, alimpokea uani huku akifunga na kufungua kanga kwa furaha. Kasiani akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Mungu si mtu! Jana jioni ameketi mwenyewe, akaomba uji. Leo kafagia, kafua. Sesilia tumempeleka kwa shangazi yake apumzike, mtoto amelia kwa furaha mpaka amechoka."

"Jana jioni saa ngapi?"

"Giza limeingia tu. Yuko mtoni, anateka maji. Kaa ule."

Hakukaa. Alisimama akiitazama njia ya mtoni, na moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa akiomba. Aje tu. Aje vyovyote.

Akaja. Debe kichwani, kanga ile ile. Majirani walimshangilia, naye akawachekea.

Nyonga ya kushoto ilirushwa kidogo.

Kasiani aliijua nyonga ile. Aliibuni mwenyewe.

Mwanamke alisimama, akafuta jasho kwa mgongo wa mkono, akaendelea kuja. Hapakuwa na dosari. Mtu mwingine yeyote angeapa ni Verdiana, na mama aliyemzaa alikuwa pale akiapa. Mkononi hapakuwa na kovu, lakini nani hukagua mkono wa mtu aliyefufuka?

Angemwambia nani? Angesema nini? Kwamba mkewe yumo kwenye bati la duara la mkanda wa sinema, ndani ya gari lililokwisha kuelekea Iringa, na kila machweo wanamtoa, wanamzika, watu wanapiga makofi?

Siku nzima hakumkaribia. Mwanamke alipika, chakula kilikuwa kitamu. Aliimba, wimbo ulikuwa wenyewe, mzuri kuliko ulivyokuwa. Costancia aliaga alasiri akarudi kwake, na majirani wakaenda zao mmoja mmoja. Jua likashuka nyuma ya korona. Mwanamke akachukua debe, akaenda mtoni mara ya pili, ingawa mitungi ilikuwa imejaa.

Aliporudi, uani palikuwa na Kasiani peke yake.

Alikuja mpaka mbele yake, debe bado kichwani. Akainama sikioni kwake. Hakuwa na pumzi ya joto wala ya baridi. Hakuwa na pumzi.

"Baba Sesilia."

Kasiani alirudi nyuma hatua moja.

"Nianguke wapi?"

Alifumba mdomo. Aliuma ulimi mpaka damu. Aliapa hatasema neno, si leo, si kesho, hata akae uani pale mpaka azeeke.

Lakini macho yake, kwa mazoea ya kazi, yalikwenda yenyewe pale kati ya kinu na mafiga, mahali penye mwanga mzuri.

Mwanamke akayafuata. Akatabasamu, akalitua debe.