Mama Hamna Shida

Kila asubuhi, kabla watoto hawajafika, mama mmoja mlezi alifungua madirisha ya kituo cha kulelea watoto, akatandika magodoro madogo, akapanga poti za kujisaidia kando ya ukuta. Kisha wakaja. Huyu analia, huyu kajikojolea, yule kamng'ata mwenzake sikio. Aliwapokea wote. Mtoto akilia, hakumwambia "nyamaza." Alichuchumaa, akamtazama usoni, akauliza, "Inauma wapi?" Ndivyo walezi walivyofundishwa pale kituoni, na hakuna aliyefanya vizuri kama yeye.

Wazazi walimpenda. Walimbandika jina, Mama Hamna Shida. Maana ukimwambia lolote, jibu lake lilikuwa hilo.

"Mama Hamna Shida, nimesahau nepi."

"Hamna shida."

"Mama, leo nitachelewa kidogo."

"Hamna shida, baba."

Huyo wa kuchelewa alikuwa baba wa mapacha, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. "Kidogo" yake ilikuwa mpaka giza liingie. Anashuka garini anacheka, simu sikioni, utadhani yule mama aliyesimama mlangoni ni nguzo. Na mama naye anacheka. Lo! Meno nje, moyo unachemka.

Mkuu wa kituo, waliyemwita Madamu, naye hakuwa nyuma. "Mwenzako anaumwa. Utawashika na watoto wake. Si unaweza?"

"Hamna shida, Madamu."

Sasa hasira yote hiyo aliyoimeza mchana ilikwenda wapi? Ilikwenda nyumbani. Huko alikuta vyombo vichafu vinamngoja, na mume wake, fundi rangi, kajinyoosha kwenye kochi.

"Na wewe umechoka nini?" mume alimwambia siku moja. "Mimi nashinda juu ya ngazi na makopo ya rangi. Wewe unacheza na watoto tu."

Kucheza! Neno hilo lilimchoma mpaka kwenye mifupa. Alichukua sufuria akaibamiza jikoni.

"Kuna shida?" mume akauliza.

"Hamna shida!" Akabamiza na kifuniko.

Aliyeangukiwa na hasira hiyo ni mtoto wao wa pekee, wa miaka mitano. Walimwita Kibibi kwa wingi wa maneno yake. Alikuwa akija mbio, "Mama, tazama..." na mama anamkata, "Hebu nipishe! Natoka kwa watoto, narudi kwa watoto!"

Maneno ya Kibibi yakapungua. Mama hakushtuka. Tena alifurahi, akawaambia majirani, "Siku hizi katulia, kakua." Masikini! Mtoto mwenye maneno hanyamazi bure.

Jioni moja alimwona anapita kando ya ukuta, anachechemea.

"Una nini mguuni?"

Kibibi alirudi nyuma. "Hamna shida, mama."

Mama alimvua kiatu. Kisigino kilikuwa kimevimba, kinatoa usaha. Mwili wa mtoto ulikuwa wa moto. Alimbeba mgongoni, akaenda naye zahanati mbio mbio.

Muuguzi wa zamu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti kavu. Alisafisha kidonda, akatoa kipande cha chupa, akamchoma mtoto sindano. Kisha akageuka.

"Kidonda hiki si cha leo wala jana. Mbona mmechelewa?"

"Hakuniambia!"

Muuguzi akamwinamia mtoto. "Mwanangu, kwa nini hukumwambia mama?"

Kibibi alitazama sakafu. "Atakasirika. Mama anachoka."

Hasira ilimpanda mama mpaka utosini, lakini safari hii si kwa mtoto.

"Mimi! Mimi ninayechuchumaa kutwa nzima kwa watoto wa watu! Wangu ananiogopa!" Wagonjwa kwenye benchi waligeuka. "Acha wageuke! Nimechoka! Nimechoka na mapacha wa watu, na Madamu, na yule mwanamume na kochi lake! Natamani nivunje kitu!"

"Usivunje vyangu," muuguzi akasema, akamsogezea kiti. "Kaa, mdogo wangu. Haya, sema. Inauma wapi?"

Mama alikaa. Swali hilo alikuwa akiwauliza watoto kila siku, lakini yeye hakuna aliyewahi kumuuliza. Akalia. Akasema yote, na muuguzi hakumkatiza.

"Hasira si dhambi," muuguzi alisema alipomaliza. "Ni kama moshi. Inakuonyesha panapoungua. Ila wewe unaificha kwa wanaokukosea, halafu unammwagia asiyekukosea. Na mtoto kajifunza kwako. Wewe umevimba, unasema hamna shida. Naye kavimba, anasema hamna shida."

"Sasa nifanyeje? Niache kazi?"

"Nani kasema uache kazi? Sema shida ikiwa bado ndogo. Usingoje watu waote ndoto kwamba unaumia. Mumeo mtajie kazi yenyewe, kwamba leo vyombo ni vyako, kesho utapika. Ukimwambia 'nisaidie' tu, atakuletea glasi ya maji, arudi kwenye kochi."

Mama alicheka huku machozi yanamtoka.

"Kazini zungumza na wenzako. Usidhani unaumia peke yako. Na ukifika nyumbani, kabla ya sufuria, kaa kidogo na huyu. Sufuria haitalia. Na siku ukiona usingizi hauji, chakula hakipiti, machozi hayakauki, au mkono unawasha kumpiga mtoto, njoo hapa upesi. Hilo nalo lina msaada wake, wala si aibu."

Waliporudi, mama alisimama mbele ya kochi. "Kuna shida," akasema.

Mume alikaa wima. "Shida gani? Mbona hujawahi kusema?"

"Na wewe macho huna? Vyombo hukuviona? Mtoto anachechemea, hukumwona?"

Macho bwana alikuwa nayo. Aliutazama mguu wa Kibibi, umefungwa bendeji.

"Sikumwona," akasema polepole.

"Na lile neno la kucheza, nisilisikie tena humu ndani. Haya, vyombo leo ni vyako."

Aliviosha. Alimwaga maji sakafu nzima, akavunja na kikombe, lakini aliviosha. Kesho yake akapika.

Kituoni mama aliwaeleza walezi wenzake. Kumbe! Kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alikiri kwamba hujifungia chooni akalia. Wakaenda kwa Madamu pamoja.

"Lakini wewe husema hamna shida," Madamu alishangaa.

"Nilikuwa nadanganya."

Walibishana, tena kwa sauti. Mwisho walikubaliana. Kubaki jioni kutakuwa kwa zamu. Mlezi akiugua, Madamu mwenyewe atakunja mikono ya gauni ashike watoto. Na kila Ijumaa watakaa pamoja, kila mtu aseme panapomuuma.

Jioni ile ile baba wa mapacha alishuka garini anacheka. "Mama Hamna Shida! Nimechelewa kidogo, eeh?"

"Leo kuna shida, baba. Na mimi nina mtoto, anatazama mlango."

Kicheko kilimkauka. "Nitamwambia mkuu wako!"

"Yupo ofisini. Karibu."

Kesho yake alikuja amenuna, lakini alikuja jua bado linawaka.

Kidonda cha Kibibi kilipona. Jioni moja mama alikuwa jikoni anakata vitunguu, akasikia kelele uani.

"Mamaaa! Kuna shida!"

Alitupa kisu, akatoka mbio. Akachuchumaa mbele ya mtoto, akamshika miguu yote miwili. "Wapi? Inauma wapi?"

Kibibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mzima kabisa.

"Haiumi," akasema. "Nilitaka kuona kama utakuja."