Chumba cha Nyoka wa Pili

Jumamosi ile nilifika Walthamstow, hapa London, saa kumi na nusu jioni, na giza lilikuwa limeshaingia. Desemba ya huku ndivyo ilivyo. Sokoni wachuuzi walikuwa wanakunja maturubai, maganda ya machungwa yametapakaa barabarani, nami nikipita katikati yao na begi tupu mgongoni. Nilikuwa nimefuata nyoka.

Cheka tu. Mama yangu kule Tukuyu mpaka leo hajui kwamba mwanawe Lusekelo, aliyepelekwa Ulaya kusoma, anafuga nyoka. Wa kwanza niliachiwa na Sandeep, mwenzangu wa kazi getini pale uwanja wa Wembley, alipohamia mji mwingine. Mwekundu, mwembamba, hana sumu, hana neno na mtu. Ukiishi peke yako miaka sita, hata nyoka anayekutazama ukinywa chai ni mwenzio. Nikanogewa. Nikataka wa pili.

Na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Wafugaji wote wanasisitiza jambo moja: nyoka mgeni hakai na mwenyeji. Anatengewa chumba chake miezi mitatu, na koleo lake la kulishia na bakuli lake la maji, mpaka uhakikishe hana ugonjwa. Mimi nilikuwa na kile chumba kidogo cha mbele, chenye kitanda cha mtu mmoja. Nikakitoa kitanda. Nikaweka sanduku la kioo, hita upande mmoja, ubaridi upande wa pili, na vibanda viwili vya kujifichia. Wikiendi tatu nzima nilihangaikia chumba kile.

Katika wikiendi ya pili Gladness alinipigia simu. Gladness ni binti wa baba yangu mdogo. Nimembeba mgongoni akiwa mchanga. Alikuja London kutunza wazee, kampuni iliyomleta ikanyang'anywa kibali cha kuajiri wageni, na chumba alichopewa na kazi kikaenda na kazi.

"Kaka, wiki mbili tu," alisema. "Nitalala hata chini. Nikipata sponsor mwingine naondoka."

Nilikuwa na bisibisi mkononi, nafunga mlango wa kioo.

"Mdogo wangu, ningependa sana," nikasema. "Ila flat yenyewe ndogo. Sina nafasi."

Nikakaza skrubu moja.

"Haya, kaka. Ndaga."

Ndaga ni asante ya kwetu. Alinishukuru, unaelewa? Nami nikarudi kwenye bisibisi yangu.

Sasa turudi Walthamstow. Aliyenifungulia mlango alikuwa Mkongo, Armelle, mama wa makamo aliyevaa gauni la kitenge na soksi nzito za sufu. Tangazo lake nililiona mtandaoni: chatu watatu wa ile aina ndogo, wanaojiviringa kama mpira wakiogopa. Ndani kulikuwa na joto la kupitiliza, na harufu ya majani mabichi yaliyolowa. Hakukuwa na kiti hata kimoja.

"Chagua," aliniambia.

Wa kwanza alijiviringa nilipomgusa. Wa pili alijiviringa. Wa tatu alitoka mwenyewe, akapanda mkononi mwangu, akatulia kwenye kifundo. Mimi nilikuwa natoka jasho. Yeye alikuwa wa baridi kama mtu aliyesimama nje siku nzima. Tena alikuwa na mluzi mdogo akivuta pumzi. Kila mfugaji atakwambia nyoka mwenye mluzi usimchukue, mapafu hayo. Niliusikia vizuri. Nikajiambia ni bomba la hita.

"Huyu iko na baridi siku mingi," Armelle alisema. "Uko na nafasi?"

"Ninayo," nikajibu haraka. "Chumba kizima."

Alinitazama. Masikio yakaniwaka.

"Basi umukaribishe. Nyoka hapana ingia kwa nyumba ya mutu bila kukaribishwa. Umuite jina."

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo Mzungu asingelifanya. Mzungu angecheka, angempa nyoka jina la biskuti. Sisi tumelelewa kwamba mgeni anapokewa kwa mikono miwili na anaitwa kwa jina, na karibu ikishatoka kinywani hairudi. Bibi yangu alikuwa akituonya tusikaribishe ovyo ovyo, maana anayeingia ni yule aliyekuwa akibisha, si lazima awe yule unayemwona. Nikanyoosha mikono miwili kwa mazoea tu. Na jina lililokuwa limenikaa kifuani siku zote zile likanitoka kabla sijalizuia.

"Karibu nyumbani, Gladness. Chumba chako kiko tayari."

Taa haikuzimika. Hakuna upepo uliovuma. Armelle alimtia nyoka kwenye mfuko wa kitambaa, akakaza fundo mara mbili, akanikabidhi.

"Amesikia," alisema.

Ndani ya treni mfuko niliuficha kifuani, chini ya koti, apate joto langu. Behewa lilikuwa limejaa watu na mifuko ya Krismasi, kila mtu na simu yake. Kabla hatujafika Finsbury Park, mfuko ulikohoa.

Kikohozi kidogo... cha kubana, kama cha mtu asiyetaka kusumbua.

Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliinua macho, akanitazama kifuani, kisha akahamia kiti kingine.

Wiki ya kwanza chatu hakula. Hilo si ajabu. Nyoka wa aina hii ukimhamisha anaweza kugoma hata mwezi. Nilimyeyushia panya wa barafu, nikamshikia kwa koleo, akageuza kichwa pembeni taratibu, kwa adabu kabisa. Nikamwachia. Asubuhi panya alikuwa pale pale, ila alikuwa amefunikwa. Karatasi ya kutandikia ilikuwa imevutwa juu yake, imetulizwa vizuri, kama mgeni afunikavyo chakula kilichomshinda ili asimkwaze mwenye nyumba.

Nyoka huburuta karatasi. Nilijiambia hivyo, nikamtupa panya, nikaenda kazini.

Wiki ya pili ikaja harufu. Nikifungua mlango jioni napokewa na harufu ya dawa ya mikaratusi, ile ya kuchua kifua. Siku moja nikaingia miguu mitupu, nikashtuka. Sakafu ilikuwa na joto pale kilipokuwa kitanda. Joto la urefu wa mtu. Hita iko ukuta wa pili.

Usiniulize kwa nini sikumpigia Gladness simu wakati huo. Nilijua. Mwili ulijua. Lakini ningempigia ningemwambia nini? Kwamba nafasi ilikuwepo?

Wiki ya tatu ilipokwisha, narudi kutoka kazini karibu saa kumi na moja jioni, Mzee Sadrudin akaniita. Yeye ndiye mwenye nyumba, ana duka hapo chini, mtu wa Mwanza asilia, na Kiswahili chake kinanishinda hata mimi.

"Lusekelo, mbona hukuniambia umeleta mgeni?"

"Mgeni gani, Mzee?"

"Huyo dada wa juu. Anakohoa kutwa nzima, bwana. Si vibaya, ndugu ni ndugu. Lakini mpe tangawizi."

"Ni hita ile, Mzee. Ina kelele."

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima anayedanganya.

"Leo nimepanda kumwachia chapati pale mlangoni. Nikamwambia, binti, pole. Akanijibu kutoka ndani." Akakuna kidevu. "Ndaga. Ndaga ndiyo nini?"

Nilipanda ngazi mbili mbili.

Giza. Sikuwasha taa. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa umefungwa. Nikasimama, nikasikiliza. Ule mluzi. Pumzi inaingia... inakwama... inatoka.

Nikashika kitasa.

"Kaka..."

Sauti ilitoka chini kabisa. Chini ya mlango.

Nikafungua.

Chatu alikuwa sakafuni, amenyooka pale kilipokuwa kitanda, mdomo wazi, akihema. Sanduku la kioo lilikuwa limefungwa na kufuli lake, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hakunifokea kama nyoka aliyekasirika. Afadhali angenifokea. Alijisogeza pembeni, polepole, akajibana ukutani, akaniachia njia nipite.

Nilikaa chini kwenye korido nikapiga simu ya Gladness. Imezimwa. Nikampigia Anselm, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa.

"Unamtafuta leo?" Anselm hakunisalimia. "Lusekelo, tumeandika kwenye group wiki tatu hizi."

Group nilikuwa nimelizima sauti tangu siku aliyonipigia simu, nikiogopa Gladness asije akaomba tena mahali, safari hii mbele ya watu.

"Alikuwa analala kwenye mabasi," Anselm akaendelea. "Anazunguka nayo tu, apate joto. Jumamosi ile dereva alimkuta kituo cha mwisho, hajitambui. Mapafu. Mpaka leo hajazungumza."

"Saa ngapi?"

"Saa ngapi nini?"

"Walimkuta saa ngapi?"

"Sijui, saa kumi na moja jioni. Inasaidia nini?" Akashusha pumzi. "Hospitali waliuliza kama ana ndugu hapa London. Tukasema yupo."

Nimetukanwa mara nyingi pale getini na washabiki walevi. Hakuna tusi lililowahi kunichoma kama neno hilo, yupo.

Kesho yake saa za kutazama wagonjwa nilikuwa wodini. Nesi mmoja, Poonam, alinipeleka mpaka kitandani. Akaniambia mgonjwa amefumbua macho jana jioni, kama saa kumi na moja hivi, na chakula anapewa kwa mpira wa puani. Gladness alikuwa amebaki macho na mifupa. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima.

"Mdogo wangu, mimi..."

Aligeuza kichwa taratibu. Ni kule kule kugeuza kwa chatu mbele ya panya.

"Kaka." Alinong'ona, nikasogeza sikio. "Ndaga kwa chumba. Kina joto."

Nikamshika mkono.

"Nilikuwa naona aibu kukwambia," akasema, akakohoa, kile kile cha kubana. "Usikasirike. Mimi panya siwezi kula."

Poonam akaniuliza mgonjwa anasema nini. Nikamwambia anashukuru. Naye akanituliza, akasema dawa wanazompa ni kali, wengi huamka wakizungumza vitu vya ajabu. Huenda. Ila mimi sijawahi kumwambia Mtanzania yeyote kwamba nafuga nyoka, na kuhusu panya sijawahi kumwambia mtu kabisa.

Gladness anaishi kwangu sasa, mwezi wa tatu huu. Nimekirudisha kitanda. Nyoka wamehamia sebuleni, kila mmoja na sanduku lake. Daktari wa wanyama alimpima yule chatu akasema ni mzima, mapafu safi, hana mluzi wowote. Nilitaka kumrudisha Walthamstow. Nilifika nimemshika mpaka mlangoni pangu, nikaganda. Nilimkaribisha kwa jina. Nikimtoa, nitakuwa nimemtoa nani?

Gladness hajanilaumu hata siku moja. Anafagia, ananipikia ndizi, ananiita kaka. Siku nilipojikaza nikamwomba msamaha alisema yamekwisha, akaenda kuosha vyombo. Lakini nimeona kitu, na ningependa mtu aniambie nimekosea. Chatu sasa anakula. Jumapili nikimpa panya, Gladness hagusi sahani yake mpaka Jumatano, anasema ameshiba. Nikiacha kumpa chatu, Gladness anakula sawasawa siku mbili tatu, kisha anaanza kupungua, mashavu yanaingia ndani, na kile kikohozi kinarudi. Mara mbili nimejaribu. Mara mbili nimeogopa, nikachukua koleo.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimesimama jikoni, panya yuko kwenye bakuli la maji ya moto, anayeyuka. Gladness alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na hita, miguu ameikunja chini yake, anatazama televisheni. Nyuma yake, kwenye kioo, chatu alikuwa ameinua kichwa. Nikaona nimuulize. Ni haki yake kuulizwa.

"Gladness," nikasema kwa sauti ya chini. "Nimpe?"

Hakugeuka. Hakupepesa.

"Wewe ndiye mwenye nyumba, kaka," alisema. "Sisi tunakula tunachopewa."