Asante ya Skuta

Asubuhi ile Luhaga aliingia soko la Bariadi na pikipiki lake jeusi la cc mia nne, tenki limevimba, na mlio wake ulifika kabla yake kwa dakika nzima. Wauza nyanya waliziba masikio. Milembe, fundi cherehani mwenye kibaraza chake upande wa pili, alikuwa akivuka barabara na robota la vitenge kichwani. Akashtuka, robota likaenda chini, vitenge vikatandazika vumbini.

"Hilo ni pikipiki au mashine ya kusaga?" alifoka, mikono kiunoni.

Luhaga alizima moto, akavua helmeti. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha kuchambua pamba, mrefu, na nyuzi za pamba hazikumtoka nyweleni hata aoge vipi.

"Samahani dada. Panda nikufikishe dukani."

"Dada yako yuko kwenu. Na huko juu nitapandaje na sketi hii? Umebeba ngazi?"

"Nitakuinua."

"Jaribu uone!"

Alipanda mwenyewe, upande upande, robota mapajani, pua juu. Safari haikufika hata mita mia mbili, lakini walipofika ekzosi ilikuwa imeshakula pindo la sketi, sketi ya kubana aliyoishona kwa siku mbili. Milembe alitazama tundu, akamtazama mwanaume aliyekuwa ametoa macho kwa aibu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mapenzi yao yalianzia hapo.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Kila jioni Luhaga alipotoka kiwandani, kabla ya kurudi kwake Nyakabindi, alipita kibarazani. Milembe alimsikia tangu darajani, akapata muda wa kufuta jasho na kupaka mafuta ya midomo. Joyness, muuza mabegi jirani yake, alikuwa akimtania, "Haya, mnyama huyo anakuja, jipodoe!" Na kila wiki Milembe alilalamika: sketi imeungua, gauni limechanika, hivi mpenzi utaninunulia lini kitu cha kupandwa na binadamu?

Jioni moja hakusikia kitu. Alipoinua macho kutoka kwenye cherehani, Luhaga alikuwa mbele yake, amekaa juu ya skuta ndogo ya bluu yenye magurudumu kama ya toroli. Mkononi alishika helmeti mpya, nyekundu.

"Mnyama yuko wapi?" Milembe aliuliza.

"Nimemuuza."

"Umemuuza! Luhaga, si ulikuwa unamfunika blanketi wewe?"

"Nyakabindi na hapa ni lami tupu. Kwenda kazini na kurudi, hii inatosha."

Milembe aliizunguka skuta taratibu. Hakukuwa na tenki la kuruka. Ekzosi ilikuwa imefichwa chini. Mbele ya kiti palikuwa na sakafu pana, mtu anaingiza miguu na sketi yake bila kujikunja.

"Ni kwa ajili ya sketi zangu," alisema. "Kumbe ulikuwa unanisikia."

Luhaga alifungua mdomo. Akaufunga. Akatabasamu.

Mimi nasema angetabasamu siku nyingine yoyote, si siku ile. Maana Milembe alitoka nje ya kibaraza, jua bado halijazama, watu wamejaa, akapiga goti kama wanavyoshukuru kwao Ipililo.

"Wabeja, baba," alisema kwa Kisukuma. Asante.

Akina mama sokoni wakapiga vigelegele. Luhaga akamshika mkono, akamwinua, akamvalisha ile helmeti nyekundu. "Karibu, mpenzi," alisema.

Kuanzia hapo Milembe hakufunga mdomo. Vijana wa bodaboda walipomcheka Luhaga na kumwita Mama Skuta, yeye alijibu kwa sauti, "Anachekwa kwa ajili yangu! Wewe umeshauza nini kwa ajili ya nani?" Alimpigia baba yake simu Ipililo, akamsimulia, na mzee aliyekuwa akisitasita tangu zamani akakubali kwamba mwanaume anayeshusha kiburi chake namna hiyo atamtunza binti. Akasema washenga waje Jumamosi.

Jumatano akaja mteja kutoka Lingeka, Mama Shija, mnene, mcheshi, na kitambaa chake cha zambarau. Milembe alimpima kiuno huku mama akipiga soga.

"Nishonee haraka, mayu, huenda kijijini tukawa na harusi. Kuna jamaa wa hapahapa kwenu, wa kiwanda cha pamba. Kashusha ng'ombe wanne kwa jirani yangu Masunga, kwa yule binti yao Specioza."

"Wa kiwandani yupi?"

"Si yule mrefu aliyekuwa anakuja na pikipiki linaloamsha maiti? Luhaga. Wanasema ndilo kaliuza, likageuka ng'ombe."

Utepe wa kupimia ulimtoka Milembe mkononi. Aliuokota, akapima kiuno kilekile mara ya pili.

"Labda... labda ng'ombe ni wa kitu kingine."

"Weee! Ng'ombe waingie kwa watu wenye binti, unadhani wamefuata maji?"

Mama alipoondoka, Milembe akapiga simu. Alikuwa bado anampenda, na alitaka kumpa nafasi.

"Mrembo wangu," Luhaga alipokea, mashine zinanguruma nyuma yake.

"Luhaga, nina swali dogo tu. Lile pikipiki uliliuza kwa nini?"

Luhaga alisogea mbali kidogo na mashine.

"Si unajua mwenyewe, mpenzi? Kwa ajili yako. Sketi zako zile."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani mwingine?"

Milembe alikata simu. Alijaa hasira na aibu, na aibu ilikuwa kubwa zaidi. Alimpigia baba yake kumwambia washenga wasipokelewe, na mzee alipouliza sababu, alisema tu, "Baba, nilishukuru mtu asiyestahili." Helmeti nyekundu akaitundika msumarini, nyuma ya magauni yaliyosubiri wenyewe. Luhaga alipiga simu mara ishirini. Hakupokea hata moja.

Jumatatu asubuhi Joyness aliita, "Milembe, toka nje." Hakutania.

Skuta ya bluu ilikuwa mbele ya kibaraza. Luhaga amekaa kitini, na mbele yake, kwenye ile sakafu pana, kati ya magoti yake, alisimama msichana wa miaka minne hivi, ameshika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa na gauni la njano lililomzidi, na vumbi kwenye kope.

Milembe alielewa sakafu ile ilikuwa ya nani.

"Mwangaluka," mtoto alimwamkia, akipiga goti kidogo palepale juu ya skuta.

"Mwangaluka, mama. Unaitwa nani?"

"Nyanjige."

"Ni wangu," Luhaga alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilimzaa na Specioza kabla sijakujua. Sikuwa nimetoa ng'ombe, kwa hiyo mtoto alikuwa wa babu yake, mimi sina neno. Specioza anaolewa Mwanza mwezi ujao, na mtoto angebaki pale. Nikauza pikipiki, nikamkomboa. Sijaoa mtu, Milembe. Wale ni ng'ombe wa mtoto. Muulize Mzee Masunga, mpigie sasa hivi."

"Nakuamini."

Luhaga alishusha pumzi, akaisimamisha skuta, akashuka, akapiga hatua. "Basi, mpenzi..."

"Ngoja." Sauti yake ilikuwa ya chini, akijali masikio ya mtoto. "Ungeniambia, ningekusaidia kulitafutia mnunuzi. Ningekwenda nawe Lingeka. Mwanaume anauza kitu anachokipenda amchukue mwanawe, nani asingempenda? Lakini nilipiga goti, Luhaga. Hapa, mbele ya watu hawa. Na wewe ukaniinua, ukaniambia karibu."

"Niliogopa. Baba yako angesikia nina mtoto..."

"Siku ile baba hakuwepo. Nilikuwepo mimi. Na nilipokupigia simu pia nilikuwa mimi, peke yangu, nakuomba unieleze. Ukarudia."

Luhaga aliinamisha kichwa. Angalau safari hii hakutunga uongo.

Milembe alimtazama Nyanjige. Kichwa cha mtoto kilikuwa wazi, na barabara ya Nyakabindi ina malori. Akaingia ndani, akachomoa helmeti nyekundu nyuma ya magauni. Akatoka na utepe, akapima kichwa kile kidogo, na mtoto akacheka utepe ulipomtekenya sikio. Kisha akakaa kwenye cherehani, akakunja vipande vya kitenge tabaka juu ya tabaka, akashona mto wa duara, akaubana ndani ya helmeti. Milembe alimvalisha mtoto, akatikisa helmeti kuhakikisha haichezi, akafunga mkanda chini ya kidevu.

"Wabeja, mayu," mtoto alisema. Asante, mama.

Hapo Milembe nusura alie. Alimshika shavu, akamwachia.

"Endesha polepole," alimwambia Luhaga.

"Milembe. Na wewe utavaa nini?"

"Mimi nitatembea kwa miguu."

Akageuka, akarudi kwenye gauni la zambarau la Mama Shija, maana alikuwa ameahidi litakuwa tayari. Alikanyaga cherehani mara mbili, akasimama, akatega sikio kuelekea darajani kama alivyozoea. Lakini skuta haina mlio, na hakuweza kujua kama walikuwa wameshavuka.